Hajambo, Ila…

Ijumaa, Chinongwe. Joto la kusubiri mvua. Mawingu yanajikusanya upande wa Nachingwea, yanatutia tamaa mchana kutwa, kisha yanatawanyika. Vumbi limefika mpaka kwenye kopo la sukari, na nimeshaoga lakini bado nanata.

Leo nimehojiwa mimi.

Nieleze kwanza, maana kuna wanaopita hapa bila kunijua. Mimi ni muuguzi kwenye zahanati ya kijiji, na tangu tulipotoka semina mwaka huu, sehemu ya kazi yangu imekuwa kuwauliza wazazi maswali kuhusu watoto wao wadogo. Tunaliita dodoso. Mtoto akishashushwa kwenye mizani, aliyemleta anakaa na sisi kwenye benchi la pembeni, nasi tunauliza: anatembea bila kushikwa? Anaweza kuweka kitu kimoja juu ya kingine? Anaunganisha maneno mawili, kama "mama njoo"? Mzazi anajibu ndiyo, mara mojamoja, au bado. "Bado" zikiwa nyingi kuliko umri wa mtoto unavyoruhusu, tunamwandikia aende akaangaliwe na wanaojua zaidi. Dodoso halikwambii mtoto ana nini. Linakwambia tu kwamba hapa patazamwe.

Naipenda kazi hii kuliko kuchoma sindano. Mimi ni mdadisi wa kuzaliwa. Mama yangu kule Mkotokuyana anatumia neno jingine, umbea, na simlaumu. Hapa nimepewa ruhusa rasmi ya kuuliza mambo ya nyumba za watu, tena na kalamu mkononi.

Na maswali yenyewe yana vituko. Kuna linalouliza kama mtoto anaweza kupanda ngazi. Aliyeliandika bila shaka anaishi kwenye nyumba ya ghorofa. Huku ngazi ni ile ya miti inayoegeshwa ukutani mtu akitaka kuziba paa linalovuja. Nilimuuliza mama mmoja, akaniangalia kwa mashaka makubwa. "Apande ngazi? Akafuate nini huko juu, nesi? Mie nikimwona kwenye ngazi namchapa." Nikaandika "bado", nikaona nimemwonea mtoto. Siku hizi nauliza kama anaweza kupanda kichuguu au kizingiti kirefu bila kushika kitu, na akina mama wananijibu kwa raha, wengine wanainuka kuniigizia.

Lingine linauliza kama mtoto anakutazama usoni unapozungumza naye. Baba mmoja wa Narung'ombe alichukia kabisa. Mwanawe ana adabu, akasema, mkubwa akizungumza anatazama chini. Jioni ile nilibaki najiuliza: adabu inaanza umri gani? Mtoto mdogo hivyo anatazama chini kwa adabu au kwa sababu nyingine? Jibu bado nalitafuta.

Lakini kilichonifundisha zaidi hakimo kwenye karatasi. Ni neno "ila".

Tunavyosalimiana mnajua. Mtoto hajambo? Hajambo. Mtu anaweza kuwa amembeba mtoto anayechemka homa, bado ataanza na hajambo, kwa sababu ndivyo inavyojibiwa, na kuanza na ubaya ni kama kumnyima Mungu shukrani zake. Habari yenyewe inakuja baadaye. Hajambo, ila usiku hakulala. Nzuri, ila tumefiwa. Nimekua na lugha hii na sikuwahi kuliona hilo, mpaka alipokuja mama mmoja kijana, mkimya, akajibu dodoso lote ndiyo, ndiyo, ndiyo. Nilimsifu, nikafunga karatasi. Akamfunga mtoto mgongoni, akafika mlangoni, akageuka.

"Hajambo, nesi," akasema, na wala sikuwa nimemuuliza tena. "Ila mkono huu wa kushoto hautumii."

Nilimrudisha akakaa. Mtoto yule sasa anafanyishwa mazoezi, na mkono umeanza kushika kijiko.

Tangu hapo nina utaratibu wangu. Nikimaliza swali la mwisho naweka kalamu chini, nanyamaza, natazama nje kuku wakipita. Mama anaguna, anarekebisha kanga, na mara nyingi "ila" inatoka yenyewe. Nilimfundisha Hadija, muuguzi mwenzangu, Mmwera wa hapahapa Ruangwa, mwanamke wa vicheko vikubwa. Kwanza alinicheka, eti nimeanza uganga wa kukaa kimya. Kisha akaona inafanya kazi, akaichukua. Sikufikiri kwamba siku moja angeitumia kwangu.

Sasa nimfikie Nuhu.

Nuhu ni mwanangu, wa kwanza na wa pekee mpaka sasa. Ana miaka miwili na nusu, mashavu ya baba yake na ubishi wangu. Baba yake anafanya kazi ghalani Nachingwea, na msimu huu wa korosho umemfunga huko, anakuja akipata nafasi. Nikiwa kazini, Nuhu anabaki na Bibi Nuhu, mama mkwe wangu, aliyehamia kwetu mtoto alipozaliwa. Bibi ni Mmwera. Kiswahili anakijua cha sokoni na cha kuamkiana. Mengine yote anayasema kwa Kimwera. Mimi ni Mmakonde, babu zangu walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji, na Kimakonde changu kinatoka nikikasirika au mama akinipigia simu. Kwa hiyo nyumba ni moja, lugha tatu, na Nuhu yuko katikati.

Nuhu haongei.

Nimeiandika hivyo leo kwa mara ya kwanza. Mpaka asubuhi ningeandika kwamba Nuhu anachelewa kidogo Kiswahili, na ningeongeza kwamba lugha tatu zinamchanganya, tena ni wa kiume, na baba yake naye alichelewa. Nilikuwa na majibu mengi kuliko dodoso lilivyo na maswali. Dodoso lenyewe nilishamjazia kichwani, nikimenya mihogo, akafaulu vizuri kabisa, maana aliyesahihisha alikuwa mama yake. Kwenye maneno nilimpa "ndiyo" kwa sababu nilijua kwamba kwa bibi yake anaongea Kimwera.

Nilijuaje? Nilikuwa nawasikia. Nikitoka zamu na kujilaza chumbani, namsikia Bibi uani anasema maneno marefu, kisha kasauti ka Nuhu kanajibu, kisha Bibi anacheka na kuendelea. Kimwera sikielewi, kwa hiyo nilichosikia mimi kilikuwa mazungumzo. Na niseme ukweli, niliona wivu. Mwanangu ana maneno, na maneno hayo kampa mtu mwingine. Kuna siku nilijifungia naye chumbani nikawa namtajia: kuku, ndoo, jiwe, mama. Nilimshika kidevu anitazame. Alinitazama mdomo kwa makini sana, akanishika midomo kwa vidole vyake, akatoa sauti zake. Nilidhani anacheza.

Leo asubuhi Bibi alimleta zahanati kupimwa uzito kama watoto wengine. Foleni ilikuwa fupi, watu wako mikoroshoni wanaokota. Hadija akamshusha Nuhu kwenye mizani, akaandika kwenye kadi, halafu akanionyesha benchi.

"Kaa, Mama Nuhu. Zamu yako."

Nilicheka. Yeye hakucheka, na Hadija asipocheka ujue kuna jambo. Nikakaa. Bibi akabaki nje na mtoto, kwenye kivuli cha ukuta.

Aliuliza kama anavyomuuliza mtu yeyote, hakuruka hata swali la ngazi. Kukimbia, ndiyo. Kupanda, ndiyo. Kufungua mfuniko wa chupa, ndiyo, tena anafungua hata ambazo hatutaki zifunguliwe. Nilijisikia najibu haraka, kila ndiyo inatoka kabla swali halijaisha. Alipofika kwenye maneno mawili nikasema ndiyo. Akaandika. Akamaliza.

Akaweka kalamu chini, akatazama nje.

Jamani. Ujanja ni wangu, nimeutunga mimi, na bado ulinikamata. Nilijiambia sitasema kitu. Kuku akapita. Nikanyoosha kola ya sare yangu, ambayo haikuwa na tatizo lolote. Halafu nikaisikia sauti yangu inasema, "Ila kwangu haongei. Anaongea Kimwera, kwa bibi yake."

"Anasema nini?"

"Sasa mimi nitajuaje, Hadija? Kimwera sikijui."

"Mimi nakijua," akasema, akamwita Bibi.

Bibi aliingia na Nuhu kiunoni, tukampisha akakaa. Hadija akamuuliza kwa Kimwera. Sikuambulia neno, lakini nilimwona Bibi anaanza kutabasamu, kisha tabasamu likaishia njiani. Akanigeukia mimi, akatafuta Kiswahili.

"Kimwera? Na mie?" akasema. "Mie hanijibu, mwanangu. Huyu mtoto wa nesi. Mie nlijua anasema Kiswahili, na wewe. Nawasikia huko chumbani."

Nuhu alikuwa amenyoosha mkono anachezea kifungo cha sare yangu.

Kumbe Bibi naye alikuwa na wivu wake. Alitueleza nusu Kimwera nusu Kiswahili, Hadija akinitafsiria, kwamba majirani wakimuuliza mbona mjukuu haongei naye, huwajibu huyu ni mtoto wa Kiswahili, mambo ya bibi hayataki. Alinisikia mle ndani namtajia kuku na ndoo, akasikia kasauti kanajibu, akajua huko ndiko maneno yalikokwenda. Wanawake wawili, ukuta mmoja, tumeoneana wivu muda wote huu kwa maneno ambayo mtoto hajayasema kwa yeyote.

Nililia. Palepale kwenye benchi, na sare yangu, mama mmoja amesimama mlangoni na kadi yake mkononi hajui aingie au arudi. Bibi alitaka kuniambia kitu, akakosa lugha ya kukisemea, akaweka mkono wake juu ya goti langu na kuuacha hapo.

Hadija hakutuachia tulie sana. Alianza kutuuliza sote wawili kwa pamoja, jambo ambalo hatujawahi kulifanya kwa familia yoyote. Siku zote tunamuuliza aliyemleta mtoto, basi. Ukimwita jina anageuka? Nikasema ndiyo. Bibi akasema hapana. Yeye akiwa jikoni na mtoto yuko uani, anaita mpaka anachoka, inabidi amfuate amguse bega. Alidhani ni ubishi. Nami nikakumbuka kwamba siku hizi simwiti. Namfuata. Sijui nilianza lini kumfuata badala ya kumwita, mwili wangu ulishajua kitu ukanificha.

Ila akitwanga, Bibi akasema, mtoto anakuja mbio.

Hapo udadisi wangu ukaamka, nao ndio uliniinua. Anakuja kwa kusikia kinu? Au anakihisi kwa miguu, ardhi inavyotikisika? Swali hilo halimo kwenye dodoso letu, na nilijikuta nalitaka jibu lake hata machozi hayajakauka.

Hadija akasema tujaribu. Bibi akampakata Nuhu, mimi nikakaa mbele yake, Hadija akasimama nyuma na kumwita kwa sauti ya kawaida. Nuhu akageuka! Nikapiga makofi. Hadija akatikisa kichwa.

"Wewe umenitazama mimi," akaniambia. "Amefuata macho yako."

Tukarudia. Safari hii niliinamisha uso nikatazama miguu ya Nuhu, ile miguu yenye vumbi inayoning'inia kwenye mapaja ya bibi yake. Hadija akaita. Miguu haikusogea. Akaita kwa nguvu zaidi. Haikusogea. Halafu akaangusha kopo la bati sakafuni, na Nuhu akageuka papo hapo, akalitazama kopo, akatucheka sote.

Kwa hiyo kuna kitu kinafika. Kiasi gani, kwa sikio lipi, tangu lini, hatujui. Inawezekana ni mafua yake yasiyoisha yameacha majimaji ndani ya masikio. Inawezekana ni zaidi ya hapo. Inawezekana masikio ni sehemu tu ya jambo. Naogopa, nisijifanye siogopi. Lakini kwa mara ya kwanza naogopa kitu chenye mahali pa kukitafutia, na hofu ya namna hii naiweza kidogo.

Hadija alirudi kwenye karatasi, akakata "ndiyo" yangu na kuandika "bado". Bibi hasomi, akauliza kimeandikwa nini. Nilimwambia mimi mwenyewe. Bado. Akaitikia kwa kichwa, akairudia polepole. Nimewaandikia watoto wa wenzangu neno hilo mara nyingi bila kulifikiria, na wengine wametoka pale na karatasi mkononi wakiwa wameinama. Ningependa kuwafuata sasa niwaulize walilisikiaje.

Mimi na Hadija tumekubaliana jambo. Kuanzia wiki ijayo, kwenye maneno hatutauliza tena kama mtoto anaongea. Tutauliza: wewe, kwa masikio yako, amekwambia neno gani, na kwa lugha gani? Anayejibu "kwa bibi yake anaongea", tutamwomba amlete bibi. Sijui kama tunaruhusiwa kubadilisha swali. Nitauliza. Nikikatazwa nitaendelea kuuliza kwa umbea, hilo halihitaji kibali.

Jioni yote nimekuwa nikimtazama Nuhu upya. Bibi akishika kanga ya kutokea, Nuhu analeta ndala zake bila kuambiwa. Nikikunja uso anaacha alichoshika. Akitaka maji ananivuta mpaka kwenye mtungi na kuuweka mkono wangu juu ya kata. Anatusoma kila siku, sisi hatukuwa tunamsoma yeye. Ameniambia mambo mangapi ambayo nimeyachukulia kuwa ni michezo? Nilipomtajia kuku na ndoo na yeye akanishika midomo, alikuwa anatafuta neno lilipo?

Simu ya baba yake imeingia nikiwa naandika hapa, jua linazama. Huwa inaanza hivyohivyo kila siku. Salama huko? Salama. Mama hajambo? Hajambo. Nuhu hajambo?

Nuhu alikuwa amekaa kizingitini, miguu ndani ya beseni, mgongo kanipa.

"Hajambo," nikasema.

Huko ghalani kulikuwa na kelele, watu wanapanga magunia. Alikuwa ameshavuta pumzi ahamie kwenye habari za msimu, na ningeweza kumwachia tu apite. Ndivyo tulivyozoea, yeye na mimi.

"Ila," nikasema.

Kelele zikafifia, nadhani alitoka nje. Hakuniuliza ila nini. Alinyamaza, akanisubiri. Nikamwambia yote, ya Kimwera, ya Kiswahili, ya macho yangu, mpaka kopo.

Akasema tukifika Nachingwea atatupokea stendi. Jumatatu tunakwenda Nachingwea hospitali, mimi, Bibi na Nuhu, waanze na masikio.

Bibi ameshachagua kanga ya safari. Tumekaa uani sasa, yeye, mimi na simu yangu ya kuandikia, na nimemwomba anitajie kuku kwa Kimwera. Ametaja. Nimerudia. Amecheka mpaka ameshika mbavu, akanitajia tena. Siliandiki hapa, nitalikosea herufi na Wamwera mtanisema. Nuhu ameacha beseni akaja kukaa katikati yetu. Anatutazama midomo, mara mimi, mara bibi yake.